Hesabu ikikataa, gawa tofauti kwa 9

Kwa nyinyi mnaoshika daftari la chama hapa Kisumu: jumla mbili zikikosa kulingana, msikimbilie kusoma risiti zote upya. Toa ndogo kwenye kubwa, kisha mjumlishe tarakimu za jibu.

Juzi daftari langu lilisema 1,284,750, la mweka hazina 1,248,750. Tofauti 36,000. 3 na 6 ni 9, basi inagawanyika kwa 9 bila baki, nami nikashuku papo hapo kwamba tarakimu mbili zimepishana. Nikagawa: 4,000. Hiyo 4 ndiyo tofauti ya tarakimu zenyewe, na zile sufuri tatu zinakuonyesha pa kutazama, yaani kwenye maelfu na makumi elfu. 84 ilikuwa imeandikwa 48. Chai yangu haikuwa imepoa.

Siri ni kwamba 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ukiigawa kwa 9 hubaki 1. Ndiyo maana kujumlisha tarakimu kunatosha, hata namba iwe ndefu kama reli ya kwenda Mombasa.

Sufuri iliyodondoka nayo hujianika vivyo hivyo. Mama wa omena pale Kibuye analipa 450, mtu anaandika 45. Pengo ni 405. Gawa kwa 9, unapata 45 yenyewe.

Ila msiiamini 9 kupita kiasi. Malipo ya 900 yaliyosahauliwa kabisa pia yatagawanyika, na hapo hakuna kilichopishana. Na tofauti ikikataa kugawanyika? Tafuteni 1 iliyosomwa 7, au mwanachama ambaye hakuandikwa.