Jinsi ya Kuchagua Taa ya Kwanza ya Studio kwa Picha za Watu

Anayeanza studio hahitaji taa tatu. Taa moja yenye softiboksi kubwa (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga), stendi imara na ubao mweupe wa kuakisi vinamtosha kwa sehemu kubwa ya kazi za picha za watu, na fedha aliyotenga kwa taa ya pili ni afadhali aiongeze kwenye ubora wa ile ya kwanza.

Hatua ya kwanza: kagua chumba. Pima urefu wa dari, kwa kuwa taa ya kummulika mtu aliyesimama hukaa juu ya usawa wa macho yake. Tazama pia kuta: nyeupe hurudisha mwanga na kufifisha vivuli, ilhali zenye rangi kali huiacha rangi hiyo kwenye ngozi ya anayepigwa picha.

Hatua ya pili: amua kati ya flashi na LED. LED hukuonyesha vivuli kabla hujabonyeza na hufaa kwa video, lakini nyingi za bei nafuu hazina nguvu ya kutosha, hivyo mpigapicha hulazimika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) au kupunguza kasi ya shata (kilango cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga), na mtoto asiyetulia hutoka na ukungu. Kwa picha mnato peke yake mimi hupendekeza flashi ya jouli 200 hadi 400 (kipimo cha nishati ya kila mmweko), pamoja na triga, yaani kifaa cha kuiwasha flashi kamera inapobonyezwa, inayooana na kamera. Ukichagua LED, tafuta yenye CRI (kipimo cha usahihi wa rangi chini ya taa, kinachofika 100) ya 95 au zaidi.

Hatua ya tatu: chagua softiboksi. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko kwenye kulinganisha taa zenyewe. Ulaini wa mwanga hutegemea ukubwa wa chanzo chake kikitazamwa kutoka usoni pa mtu; ndiyo maana softiboksi ya sentimita 90 iliyo umbali wa mita moja hulainisha vivuli vya pua na kidevu, na hiyohiyo ikipelekwa mita tatu huvifanya vikali. Umbali hubadilisha pia pazia la nyuma. Mtu akiwa mita moja kutoka kwenye taa na pazia likiwa mita mbili, pazia hupata robo tu ya mwanga anaoupata yeye, hivyo jeupe huonekana la kijivu. Rudisha taa nyuma mita mbili zaidi, na pazia hupata zaidi ya nusu. Mwavuli wa studio, unaoweza kutumiwa badala ya softiboksi, ni rahisi kununua, ila hutawanya mwanga kila upande, jambo linalosumbua sana katika chumba kidogo.

Hatua ya nne: stendi. Nunua nzito, uiwekee mfuko wa mchanga.

Hatua ya tano: jaribu. Weka ISO 100, shata 1/125 (sehemu ya sekunde) na f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), kisha piga picha moja bila flashi. Ikitoka nyeusi, mwanga wa chumba hauingilii. Usivuke kasi ya mwisho ya shata inayokubaliana na flashi, ambayo kwa kamera nyingi ni takribani 1/200, la sivyo utepe mweusi utakata picha. Weka taa upande kwa nyuzi 45, juu kidogo ya macho, kisha tazama kivuli cha pua: kikigusa mdomo, shusha taa. Shavu la pili likibaki na giza zito, sogeza ubao wa kuakisi karibu nalo, na taa uiache palepale.