Kukadiria hatari ya maji ya mfongo, kikombe kwa kikombe

Majibu ya maabara yakitoka, swali huwa moja: maji haya salama au si salama? Mimi napima maji ya mifongo, yaani mifereji ya asili ya kuleta maji kutoka mlimani, vijijini Moshi, na swali hilo halinitoshi. Nataka kujua nani anakunywa, kiasi gani, mara ngapi.

Hatua ya 1: shuka na mfongo. Anzia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, hadi nyumba ya mwisho. Andika vyoo vya shimo, mazizi na mahali pa kufulia. Palipo na kinyesi cha binadamu au cha ng'ombe, giadia, kimelea kinachoharisha, inawezekana, na mfano wangu ni huyo.

Hatua ya 2: sampuli. Tumia chupa tasa (isiyo na vijidudu), usiisuuze, elekeza mdomo wake maji yanakotoka. Weka kwenye kasha la barafu, ifike maabara ndani ya saa 6. Chukua kiangazi, kisha masika, asubuhi baada ya mvua kubwa; ya kiangazi peke yake inadanganya. E. koli, bakteria wa utumbo, itakuambia kinyesi kimeingia. Kuhesabu sisti za giadia, yaani vimelea vyenyewe vikiwa ndani ya ganda gumu, ni kazi nyingine: lazima lita nyingi zichujwe.

Hatua ya 3: kaa nyumbani kwa watu. Usiikimbie hii. Bibi mmoja aliniambia, "Sisi tunachemsha, mwanangu," na kweli sufuria ilikuwa jikoni. Tukiwa bado tunaongea, mjukuu wake akatoka shule, akakunja jani la mgomba, akachota mfongoni, akanywa. Akachota tena. Dodoso langu halikuwa na sehemu ya kuandika jani la mgomba.

Hatua ya 4: hesabu. Tuseme kuna sisti 1 katika kila lita 10, na mtu anakunywa lita moja kwa siku bila kuchemsha. Dozi, yaani idadi ya sisti anazomeza kwa siku, ni 0.1. Kwa giadia, uwezekano wa kuambukizwa ni huu (e ni namba ya hisabati, karibu 2.718; 0.0199 ni uwezekano wa sisti moja kuambukiza):

hatari ya siku = 1 − e^(−0.0199 × dozi)

Utapata karibu 0.002, yaani watu 2 kati ya 1,000 huambukizwa kwa siku. Wengi huishia hapo wakapumua. Endelea, kwa siku 365: 1 − (1 − 0.002)^365 = 0.52. Kwa mwaka, watu 52 kati ya 100 wataambukizwa, ingawa si wote watakaougua.

Hatua ya 5: pima kinga. Chujio linaloondoa asilimia 99 linashusha hatari ya mwaka hadi watu 7 kati ya 1,000. Klorini isikupe amani ya haraka: giadia huistahimili kuliko E. koli, kwa hiyo E. koli ikitoweka, giadia huenda bado ipo. Kuchemsha hadi yatokote kunaiua.

Sasa mrudie yule mtoto. Nyumbani anakunywa yaliyochemshwa, mfongoni mililita 200, siku 200 za shule. Dozi 0.02 kila siku. Kwa mwaka ni watoto karibu 8 kati ya 100, zaidi ya mara kumi ya mtu mwenye chujio. Nilimwomba bibi amtilie mjukuu maji ya ile sufuria kwenye chupa, aende nayo shuleni.