Kuuguza bila kujibebesha yasiyo yako

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ellen Langer alionyesha kwamba mtu aliyejichagulia tiketi ya bahati nasibu huithamini kuliko aliyepewa tu, ingawa nafasi ya kushinda ni ileile: kuchagua humfanya ajione ana uwezo juu ya matokeo. Ukiuguza mzazi, hisia hiyo ya kushika usukani huumiza: hali ikizorota unajilaumu, hulali, unakataa msaada.

Kunja karatasi katikati. Kushoto andika unayoweza leo: dawa saa 2 asubuhi, maji, kumpigia daktari. Kulia, yasiyo yako: kasi ya ugonjwa, majibu ya vipimo. Wengi huandika “apone” kushoto; hamishia kulia, hata kama inauma.

Kisha mpe ndugu kazi moja ya kushoto. Usimkosoe, isipokuwa kwenye kipimo cha dawa. Wasiwasi utapanda mwanzoni. Ngoja dakika 20 kabla ya kumuuliza amefikia wapi.