Namna ya kuchora animesheni ya sekunde 5: mama anainua ndoo ya maji

Wanaoanza wengi huchora mhusika, humpaka rangi akapendeza, ndipo wajiulize atafanya nini. Anza na sauti na mwendo. Rangi ije mwisho. Mimi natumia Krita, programu ya bure, pamoja na tableti ya kuchorea.

1. Rekodi sauti. Simu inatosha. Ingia chumba chenye godoro na mapazia, maana kuta tupu hurudisha mwangwi. Rekodi mguno, mlio wa mkono wa ndoo, maji yakicheza. Kata na usafishe kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti.

2. Igiza mwenyewe. Jaza ndoo kweli, inua, jirekodi video.

3. Panga animatiki, yaani rasimu ya filamu yenye sauti. Chora vijipicha vya haraka, uvipange juu ya sauti. Ukiona inachosha hapa, punguza hapahapa, rangi haitaiokoa.

4. Chora mwendo. Weka fremu (picha mojamoja za video) 24 kwa sekunde, kila mchoro ukae fremu 2. Sekunde 5 ni michoro 60. Tangulia na mikao mikuu: kuinama, kushika, ndoo kuachana na ardhi, kusimama. Kisha, ndani ya Krita, bonyeza alama ya taa kwenye leya (tabaka la mchoro) ili mchoro uliopita uonekane kwa ukungu.

Sasa tafuta uzito. Ndoo tupu hufika kiunoni kwa michoro mitatu au minne. Iliyojaa haiendi hivyo. Magoti yakunjike, mkono unyooke ukakamae, mwili uegemee upande wa pili, na ndoo bado iko chini. Ikianza kupanda, michoro ya mwanzo ikaribiane sana, halafu iachane kidogo kidogo. Mama akishasimama, maji yaendelee kuyumba fremu 8 hivi. Mtazamaji hatakwambia ameona nini, ila mkono wake utaihisi ndoo ile.

Kazi hii naifanya asubuhi, kabla simu hazijaanza. Kusafisha mistari na kupaka rangi naachia jioni, kwa kuwa hakuhitaji akili nyingi.

5. Paka rangi. Chache, tambarare.

6. Toa picha za PNG zenye namba, usitoe video moja kwa moja. Umeme ukikatika, unaendelea ulipoishia. Ziunganishe na sauti kwenye Kdenlive, programu ya kuhariri video, na mradi wenyewe uwe wa fremu 24 vilevile, la sivyo mguno hautaoana na mwendo wa mama.