Kufunga plasta ya pua baada ya mifupa kurekebishwa

Daktari akishakata na kusogeza mifupa ya pua, anavua glavu na kwenda kuandika faili. Pua inabaki na mimi. Kwa kawaida mifupa ile haipigwi skrubu wala waya. Imeshikwa na utando wake na ngozi laini ya ndani, basi. Ukiishika vibaya, inahama. Kwa hiyo mdogo wangu unayeanza kazi ya chumba cha upasuaji, hapa usikimbie.

Kwanza mulika ndani. Ukuta wa kati ukiwa umetuna na unabonyea ukiugusa kwa pamba, damu imevilia, mwite daktari arudi. Ikikaa hivyo siku mbili tatu gegedu inakufa na pua inadidimia, hata ungeifunga plasta ya dhahabu.

Futa mafuta ya ngozi kwa spiriti, iache ikauke. Kwa joto letu la Kigoma mwezi wa tisa, jasho tu linatosha kung'oa kazi yote. Bandika plasta nyembamba za karatasi zikilaliana, kuanzia juu kidogo ya ncha kupanda hadi katikati ya macho. POP, ile bandeji yenye unga wa jasi unaoganda ukilowa, naikunja tabaka 8, naikata nyembamba juu na pana chini, naipima usoni ikiwa kavu. Isifike kwenye kona za macho, isikalie ncha. Pembe zizungushe kwa mkasi.

Maji yawe ya vuguvugu. Ya moto yanaigandisha upesi, na POP yenyewe hupata joto inapoganda. Kamua, laza, kisha bana ubavuni taratibu kwa kidole gumba na cha shahada. Mgongo wa pua usiukandamize. Tulia hapo mpaka ukigonga kwa kucha ilie. Wengi huachia mapema, chai inawaita.

Uvimbe ukishuka baada ya siku chache, plasta huanza kucheza. Inayocheza ni pambo tu, ibadilishe. Nyingi naziondoa siku ya 7.

Wavuvi wa Kibirizi ndio wabishi, kesho yake tu mtu anauliza habari za ziwani. Mwambie asiiloweshe, asipenge kamasi, akipiga chafya aachame, alale kichwa kikiwa juu. Mpira, na miwani ya kukalia pua, vingoje wiki 6. Na akiinama yakadondoka puani maji maangavu, aje siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki.