Ushuru wa Pensheni na Anuiti: Somo kwa Wanaokaribia Kustaafu Nakuru na Kisumu

Chini ya sheria ya zamani ya Kenya, mstaafu wa Nakuru aliyelipwa pensheni ya shilingi 65,000 kwa mwezi kabla ya kufikisha miaka 65 alisamehewa shilingi 25,000 za kwanza, na zile 40,000 zilizosalia zikatozwa ushuru kwa viwango vya mishahara. Hata baada ya nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400, yaani kiasi ambacho kila mlipa ushuru hupunguziwa kwa mwezi, alikatwa takriban shilingi 4,383 kila mwezi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, sheria iliyorekebishwa inamwondolea makato hayo yote, lakini msamaha huo unategemea namna alivyotoka katika skimu yake, yaani mfuko wa mafao aliouchangia, na hapo ndipo wengi hupotea.

Hatua ya kwanza ni kuomba nakala ya kanuni za skimu yako kutoka kwa wadhamini na kusoma umri wa kustaafu ulioandikwa humo. Msisitizo ni kanuni za skimu, kwa maana umri wa miaka 60 unaotumika kwa watumishi wengi wa serikali si lazima uwe ndio wa kiwanda cha sukari au shamba la maua. Anayefikisha umri huo analipwa mafao yake bila ushuru. Msamaha huo pia unamfikia anayestaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa, pamoja na anayetoa fedha zake baada ya miaka 20 tangu alipoandikishwa kuwa mwanachama wa skimu. Anayetoka nje ya njia hizo tatu hutozwa kwa viwango vinavyopanda kutoka asilimia 10 hadi 35.

Hatua ya pili ni kujua fedha zako zitakujia kwa sura gani. Skimu ya pensheni hukuruhusu kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na sehemu iliyobaki hununua anuiti, yaani mkataba wa kulipwa kiasi fulani kila kipindi, kwa kampuni ya bima au huwekwa katika mpango wa kuchota kidogo kidogo. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi, kwa upande wake, unaweza kulipa zote kwa mkupuo. Ukinunua anuiti, hifadhi barua inayoonyesha kwamba fedha zilitoka katika skimu iliyosajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, kwa sababu huo ndio ushahidi wako siku kampuni ya bima itakapobadilisha mfumo wake wa malipo.

Hatua ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni kusoma fomu ya madai kabla ya kutia sahihi. Fomu ikisema umejiuzulu ilhali umestaafu, utakatwa ushuru kama aliyejiuzulu, na kuurudisha ni kazi ya kuomba kupitia iTax, mtandao wa mamlaka ya ushuru, ukiwa na hati za malipo mkononi. Ombi la kurejeshewa ushuru uliolipwa kupita kiasi hupokelewa likipelekwa ndani ya miaka mitano.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Naivasha: Mwalimu, nina miaka 38 na nimechangia kwa miaka tisa. Nikiacha kazi sasa, je, nitoe fedha zangu?

Jibu: Ndugu yangu, hujafikia umri wala ile miaka 20, kwa hivyo utakatwa. Ukizihamishia katika skimu ya mwajiri mpya au skimu ya mtu binafsi iliyosajiliwa, uhamisho wenyewe hautozwi ushuru. Tena kumbuka kwamba mchango wa hadi shilingi 30,000 kwa mwezi huondolewa katika mapato yako kabla ya ushuru kukokotolewa. Anayechangia na kusubiri hupata nafuu wakati wa kuweka na wakati wa kupokea, na sioni akiba nyingine ya kawaida nchini inayotendewa hivyo.

Mwanachama wa Kondele: Mimi ni mjane, nilistaafu ualimu, na nina nyumba nne za kupangisha Mamboleo. Je, msamaha unazifikia?

Jibu: Hapana, mama. Pensheni yako imesamehewa, ila kodi ya nyumba haimo. Ikiwa mapato hayo yanazidi shilingi 288,000 kwa mwaka bila kupita milioni 15, yanatozwa asilimia 7.5 ya jumla yote, bila kuondoa gharama za ukarabati, na malipo hufanywa kila mwezi.

Mwanachama wa Kakamega: Niliuza shamba nikanunua anuiti kwa fedha hizo. Hiyo nayo ni pensheni?

Jibu: Mzee wangu, hiyo haikutoka katika skimu iliyosajiliwa, kwa hivyo usiihesabu katika msamaha huu. Iombe kampuni ya bima ikuandikie ni sehemu gani ya malipo ni mtaji wako unaorudishwa na ni sehemu gani ni faida.

Mwanachama wa Nakuru: Kama sidaiwi ushuru wowote, kwa nini nipeleke ripoti ya ushuru kila mwaka?

Jibu: Kutodaiwa hakuondoi wajibu ulioandikishwa katika PIN yako, yaani namba yako ya mlipa ushuru. Ripoti ya mwaka uliopita hupelekwa kabla ya tarehe 30 Juni kuisha, na faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia tano ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Asiyezoea kompyuta anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre, na ni heri aende mapema Mei kuliko kukutana na foleni ya wiki ya mwisho.