Kabla hujamuuliza mjamzito kama anafanya mazoezi

Ukishapata kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, cha utafiti wako kuhusu shughuli za mjamzito, anavyouona mwili wake na matatizo ya mimba, utatamani kuchapisha dodoso na kukimbilia kliniki. Subiri kwanza. Mimi nilikuwa mkunga kabla ya kuingia kwenye utafiti, na madodoso mengi ninayoletewa na wanafunzi hapa Tanga huharibika kwenye swali moja: "Je, unafanya mazoezi?" Mama atajibu hapana, nawe utaandika hapana, kumbe tangu alfajiri ameteka maji, amefua, na kliniki amekuja kwa miguu.

Muulize siku yake ya jana. Aliamka saa ngapi, akaanza na nini, akaenda wapi na kwa usafiri gani, alipata kukaa saa ngapi? Dodoso la PPAQ, la kupima shughuli za mwili wakati wa ujauzito, walilolitunga Lisa Chasan-Taber na wenzake Marekani mwaka 2004, nalo huhesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na kazi ya kipato, si michezo peke yake. Ila usilitafsiri kama lilivyo. Mle ndani mna mashine ya kukatia majani. Weka kutwanga, kulima, kubeba ndoo. Kupima uzito wa kazi, uliza kama angeweza kuifanya huku akipiga soga na jirani, au alikuwa anahema. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wa 2020, linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani kwa mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu. Usimhubirie hilo katikati ya mahojiano, atakupa majibu ya kukufurahisha.

Kuhusu anavyouona mwili wake, zile picha za maumbo, kutoka mwembamba hadi mnene, ambazo mtu huchagua inayofanana naye, mimi nimeziweka kando: hazina tumbo la mimba. Anza na nguo. Ipi ameacha kuivaa, na kwa nini? Nani huusemea mwili wake, na husemaje? Wifi anayesema "umenawiri" na mume anayenyamaza, waandike wote wawili, kwa maneno ya mama mwenyewe. Wifi akiwa amemsindikiza, mwombe kwa adabu asubiri nje. Na usiulize haya mama akiwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye mzani mbele ya foleni nzima.

Matatizo ya mimba yatoe kwenye kadi ya kliniki: presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki 20, protini kwenye mkojo, sukari. Kila kimoja kiandikie tarehe, na tarehe aliyopunguza kazi. Ukikosa tarehe hizo, mama aliyeambiwa apumzike kwa sababu ya presha ataonekana kwenye jedwali lako kama aliyepata presha kwa kutotembea. Makosa ya namna hii hayarekebishiki kwenye kompyuta.

Akikwambia kichwa kinamuuma sana, anaona maluweluwe, anatokwa damu au mtoto hachezi kama kawaida, funga dodoso na umpeleke mwenyewe kwa muuguzi wa zamu. Kwenye karatasi andika: haikukamilika.